Uzi Alioukata Shemasi

Msituni, juu ya kijito
11 Juni 2006

Kwa Naw Mu Dah, binti yangu, huko kwenye kambi ya wakimbizi,

Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Natangulia kusema hivyo kwa sababu Saw Maw Keh, huyu tabibu anayevuka mto na dawa mgongoni na barua za watu mfukoni, alijitolea kuniandikia nikamkatalia. Darasa la pili nimesoma, tena darasa la pili la misheni, la mwalimu mwenye fimbo, si haya yenu ya kuimba na kupiga makofi. Kalamu tu ndiyo yake.

Tuko hai. Tangu wanajeshi walipochoma kijiji mwezi wa tatu tumejibanza hapa, kaya tisa za kanisa. Siku ya kumi tu nilianza kukata mianzi ya kanisa. Hili ni la nane, Mu Dah. Saba yamechomwa, na yote saba niliyajenga mimi, na hakuna hata moja lililowahi kuvuja. Lile la nne lilikataa kuwaka. Ilibidi wale askari warudi na mafuta ya taa.

Mama yako miguu imevimba, homa inakuja na kuondoka. Hali chakula. Ukimpa uji anautazama kama mgeni asiyemjua. Amejitia kichwani kwamba tulipokimbia roho yake haikukimbia naye, imebaki kule kwenye majivu inazungukazunguka, na hatapona mpaka iitwe irudi, kisha afungwe uzi mweupe mkononi ili isitoke tena. Mambo ya babu zake hayo. Hapa kuna ajuza mmoja, Bibi Tee Lay, si mtu wa kanisa, anajua maneno ya kuita. Juzi kaja na uzi wake na ndizi na kibonge cha wali. Nimemfukuza, lakini kwa adabu.

Umetuma neno kwamba nimlete mama yako kambini, kwenye zahanati. Mwendo wa siku nne, na barabara ya jeshi katikati, na paa bado halijaisha! Nani atapaua nikiondoka? Hawa wenzangu wanasuka majani kama kuku wanaotafuta kiota.

Na ushuhuda wangu unaujua, maana ulikuwepo. Hser Nay wako alikuwa na miaka miwili, homa imemchoma mpaka macho yamegeuka, nawe ukamfunga uzi kama watu wasiojua Neno. Mimi shemasi, mbele ya kanisa zima nikaushika mkono wa mtoto nikaukata uzi kwa kisu changu cha popoo. Watu walishika midomo. Wewe nikakutenga na meza ya Bwana miezi mitatu, binti yangu wa kuzaa, sikupendelea. Siku ya tatu mtoto akaomba ndizi! Mwaka ule kaya kumi na moja zilikata nyuzi zao zikabatizwa, na yule mmisionari mweupe akanipiga picha na kisu mkononi, picha ikaenda kwao. Kuna watu ng'ambo ya bahari wanaomjua Saw Pha Ler, na hawajui hata mfalme wao analala wapi.

Basi mama yako naye atainuka vivyo hivyo, bila uzi. Tuma chumvi.

Baba yako,
Shemasi Saw Pha Ler


Kambini
26 Juni 2006

Baba yangu mpendwa,

Barua yako imefika imelowa, lakini mwandiko wako hata mvua inauogopa. Hser Nay alitusomea kwa sauti, akacheka sana alipofika kwenye kanisa lililokataa kuwaka. Chumvi hiyo hapo, na sabuni, na vidonge vya Mama. Maw Keh atakueleza vinavyomezwa.

Baba, napiga magoti ninapoandika haya. Nimezungumza na daktari wa hapa. Amesema kuvimba huko kuna dawa kama mgonjwa akija mapema. Nikamuuliza, na akichelewa? Akawa anatafuta karatasi zake.

Nimepata watu wanne wa machela. Watakuja na Maw Keh mwisho wa Julai, na mtumbwi utasubiri mtoni. Njia wanaijua, wanajua pa kuvukia barabara ya jeshi. Wewe huhitaji kuacha paa lako. Mwache tu aende.

Na kuhusu uzi, usikasirike. Mama hajawahi kukuomba kitu. Alibatizwa kwa sababu wewe umebatizwa, akahama kila ulipohama. Kama uzi si kitu, si umwache afunge hicho kisicho kitu? Nilisema hivi kwenye kikundi chetu cha ushonaji, mwenzangu mmoja akadakia: "Mwambie mzee wako, Mungu aliyeumba pamba hawezi kuogopa uzi!" Tulicheka wote, hata mke wa mchungaji.

Naomba unijibu kwamba atakuja.

Binti yako,
Naw Mu Dah


Msituni
9 Julai 2006

Kwa Mu Dah,

Chumvi nimepata. Maneno ya wanawake wa ushonaji sikuyaagiza.

Nimemsomea mama yako barua yako. Akaniambia, "Baba Mu Dah, nifungulie huo mlango niende kwa mwanangu." Nikamwambia mlango gani, nyumba yenyewe ni turubai. Akasema, "Basi wewe ndiye mlango." Unaona ulimi wake? Mgonjwa gani mwenye ulimi kama huo! Nikamwambia, ukiwa na nguvu ya kunisema una nguvu ya kula. Akasema, "Anayekula ni mwenye roho. Niitie yangu nitakula hata hayo majani yako ya paa." Watu waliokuwa wanasuka karibu wakacheka mpaka mmoja akajikata kidole. Nikawaambia chekeni, mimi nimeona mtoto akifufuka, nyie mmeona nini?

Na Bibi Tee Lay alirudi. Safari hii sikuwa na adabu. Nilimwambia mbele ya watu, ajuza, nenda kawaite kuku wako. Akakusanya kibonge chake cha wali. Kesho yake yeye na wajukuu zake wakahama, wamepanda ng'ambo ya mlima. Afadhali, hapa pametulia.

Nakueleza kwa nini, ili usidhani baba yako ana moyo wa jiwe. Hizi kaya tisa zote zilikata nyuzi zao kwa neno langu. Wamepoteza mashamba, maghala, wengine watoto. Kilichobaki ni kile walichokiona kwa macho: Saw Pha Ler alikata uzi, na mtoto akaishi. Leo nimfunge mke wangu mwenyewe? Watauliza, ule wa kwanza ulikuwa nini? Utawajibu wewe na washonaji wako?

Watu wa machela waje tuone. Ila atakwenda mkono mtupu au hatakwenda.

Shemasi Saw Pha Ler


Kambini
20 Julai 2006

Baba,

Barua hii Hser Nay hajaisoma wala hataisoma. Isome ukiwa peke yako.

Mama aliniapisha nisiseme kamwe. Miaka kumi na moja nimekaa nayo. Lakini unasema atakwenda mkono mtupu au hatakwenda, nami sina fimbo nyingine ya kushika.

Siku ile ulipoukata uzi mbele ya kanisa, nilirudi nyumbani na mtoto, nikamlaza nikijua ninamlaza kufa. Wewe ulibaki na watu mkiimba. Mama akaja kwa mlango wa nyuma. Alikuwa amechomoa uzi kwenye sketi yake mwenyewe. Alimwita Hser Nay kwa sauti ndogo, kwa maneno yale ya bibi, mdomo wake ukiwa karibu na kichwa cha mtoto ili sauti isitoke nje. Kisha akamfunga kiunoni, chini ya nguo. Alisema, "Mkononi baba yako ataona. Kiunoni hatafuti mtu." Aliubadilisha ule uzi mara mbili ulipochakaa. Mtoto alikuwa nao siku aliyoomba ndizi. Alikuwa nao siku ile ya picha, Baba, amekaa pajani pako.

Sisemi uzi ndio uliomponya. Sijui nini kilimponya. Alipewa pia vidonge na muuguzi mpita njia, na wewe uliomba, na kanisa likaomba. Ninachosema ni kwamba Mama aliyaweza yote mawili, uzi na kanisa, na Mungu hakumpiga. Mwache basi apate wake. Afunge kiunoni kama unaogopa watu. Hakuna atakayejua.

Nakuomba usimkemee. Alifanya hivyo ili usiaibike.

Wako,
Mu Dah


Msituni
3 Agosti 2006

Naw Mu Dah,

Nimepokea yako.

Nilimsomea mama yako neno kwa neno mbele ya wazee wawili wa kanisa, maana jambo kama hili si la kuulizana chini ya blanketi. Nikamuuliza, ni kweli? Akasema, "Kweli." Nikamuuliza, picha ile unaijua ilikokwenda? Akasema, "Najua, ndiyo maana nilinyamaza." Nikamuuliza, nimesimama makanisa mangapi kusema maneno yale, nawe umekaa benchi la mbele unanitazama? Akasema, "Ulikuwa unapendeza ukiyasema."

Wazee wakatazama chini.

Nimemtenga na meza ya Bwana, miezi mitatu, kama nilivyokutenga wewe. Sheria ni ile ile. Wazee wawili nimewaapisha, kaya nyingine hazijui kitu. Mimi naye hatusemezani.

Watu wa machela walikuja tarehe thelathini. Wamerudi mikono mitupu. Hakupanda.

Paa limebaki safu tatu.

Saw Pha Ler


Kambini
12 Agosti 2006

Baba,

Hakupanda?

Maw Keh amefika jana. Nilimkalisha chini, nikamwambia nieleze kama ulivyoona, usinifiche. Amesema Mama alikuwa tayari, amechana nywele, amefunga kibweta chake. Waliweka machela chini mbele yake. Akatia mguu mmoja. Kisha akageuka kukutazama, wewe ukiwa juu ya paa, ukasikia wakimwambia, "Twende, Mama, mvua inakuja." Akasema, "Ngojeni mwenye nyumba aniage." Wakangoja. Maw Keh anasema walingoja kitambo cha kutafuna tambuu mpaka ikaisha. Akakuita, "Baba Mu Dah, nakwenda." Ukaendelea kufunga majani. Akautoa mguu. Akasema, "Siwezi kwenda kama mtu aliyefukuzwa."

Neno moja, Baba. Hata "nenda" ingetosha. Hata "nenda, mchawi wewe" ungesema, angepanda akicheka, unamjua.

Nilikuandikia ili umfungue. Nimeandika, na kalamu yangu imemfunga. Silali kwa jambo hilo.

Nimewaomba watu wa machela warudi. Wawili wamekubali, wawili wanaogopa, jeshi limeongeza doria. Natafuta wengine. Nimetia uzi ndani ya barua hii, mweupe, umekunjwa mara saba. Hapa kambini mwezi huu watu wasio wa kanisa wanafungana nyuzi mikononi, mchana kweupe, watoto mpaka wazee, na mbingu hazijaanguka. Mfunge, Baba. Au mwache ajifunge. Lakini kabla ya uzi, msemeshe.

Mu Dah


Msituni
2 Septemba 2006

Mwanangu Mu Dah,

Mama yako alifariki tarehe kumi na sita Agosti, asubuhi, mvua ikinyesha. Barua yako na uzi vilinifikia tarehe kumi na tisa. Usihesabu siku. Mimi nimeshazihesabu, hazibadiliki.

Tarehe kumi na tatu alikuwa hawezi tena kunyanyua kichwa. Hapo nikamsemesha. Nakuandikia nilivyosema, usidhani nilisema maneno makubwa. Nilisema, "Mama Mu Dah, paa limekwisha." Nikasema, "Kula kidogo." Nikasema, "Nimekosa." Mu Dah, katika miaka arobaini na miwili ya ndoa sijawahi kumwambia mtu neno lile, na yeye ndiye angelipenda kulisikia kuliko wote, na sijui kama alilisikia. Macho yalikuwa wazi. Labda alikuwa amekwenda mbali. Labda alikuwa ananilipa kimya kwa kimya.

Tarehe kumi na nne nilipanda mlima kumtafuta Bibi Tee Lay. Mimi mwenyewe, kwa miguu yangu. Njiani nilikuwa nafanya mazoezi ya kumwambia samahani, nikawa naona haya mbele ya miti. Nilikuta mafiga matatu yaliyopoa na ganda la ndizi. Hakuna anayejua walikoelekea. Wengine wanasema walikutana na jeshi. Nikarudi.

Alipokufa tulimzika karibu na kanisa, ubavu wa juu, kusikojaa maji. Watu walikuja wote. Wakaimba. Kisha mmoja wao, yule Saw Tu Ler asiye na meno, akasema, "Shemasi, tupe ushuhuda wa yule mtoto, utatia moyo." Wale wazee wawili wakanitazama. Nikasimama. Nikaanza, Mu Dah. Nikafika pale ninaposhika mkono wa mtoto, nikasikia sauti inaendelea, ni yangu, inasema vizuri kabisa, haikukosea hata mahali pamoja. Wakalia. Wakasema Amina. Na yeye yuko shimoni hatua mbili kutoka nilipokuwa nimesimama.

Sasa nakuomba kitu. Siombi kama shemasi. Ulipokuwa mdogo mama yako alikufundisha maneno ya kuita, nikawakuta nyuma ya ghala, nikawachapa nyote wawili. Unayakumbuka? Hata nusu yake. Niandikie. Nitakwenda kule kijijini kwenye majivu, njia naijua, nitaita mwenyewe. Maana kama alisema kweli, na roho yake ilibaki kule tangu mwezi wa tatu, basi mimi huku nimezika nini?

Uzi ninao.

Baba yako,
Saw Pha Ler


Kambini
20 Septemba 2006

Baba,

Barua yako ilipofika nilikuwa kisimani, nikaisoma nimesimama, ndoo ikafurika watu wakanipigia kelele.

Siyakumbuki. Nimejaribu siku nne. Nakumbuka "rudi" likisemwa mara nyingi, na jinsi alivyokuwa akigonga kizingiti kwa mwiko, na harufu ya fimbo yako ilivyokuwa mbichi. Zaidi ya hapo ni kiza. Niliogopa sana siku ile, nadhani nilitoka nayo ile hofu nikayaacha maneno.

Nimeuliza kambini. Wazee wa kanisa wengi walikulia kwenye misheni kama sisi, hawajui, na anayejua anajifanya hajui. Mwishowe nikaelekezwa kwa bikizee mmoja upande wa wasio Wakristo. Nikamweleza. Akaniuliza, "Mgonjwa yuko hai?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi mnataka nini? Maneno yale ni ya walio hai. Aliyekufa haitwi. Ukimwita unamkatisha njia, anageuka, hafiki kule wala harudi huku. Mwambie baba yako asiende, anyamaze."

Nikasema moyoni, kunyamaza anakujua. Nisamehe. Nimeliandika kwa sababu ukilikosa katika barua utalisikia tu siku moja katika sauti yangu.

Njoo kambini. Hapo huna tena wa kumlinda. Sisemi nimekusamehe, wala nafsi yangu sijaisamehe, mimi niliyeandika ile barua ya Julai. Lakini chakula kipo, na zahanati ipo, na tutakaa hivyo hivyo.

Kuna jambo lingine na sijui nilifanye nini. Hser Nay amechaguliwa atoe ushuhuda siku ya Krismasi, kanisa lote la kambi, na wageni kutoka nje watakuwepo. Atasimulia habari ya uzi. Tangu bibi yake afariki ndilo jambo pekee linalomtoa kitandani. Anasema, "Mungu aliniacha hai, lazima kuna sababu." Anaandika kwenye daftari lake kila siku. Sijamwambia.

Ameniomba nikuulize: kabla hujaukata, uliomba sala gani? Anataka aitaje neno kwa neno.

Sijui nimjibu nini. Nijibie wewe.

Mu Dah


Msituni
8 Oktoba 2006

Mwanangu Mu Dah,

Sitakuja. Usitume machela, nina miguu. Kaya sita zimehamia bonde lingine, tatu zimebaki, na hizo tatu zinamtazama mtu mmoja. Moja ina mtoto mgonjwa wa miaka minne. Jana baba yake alimleta kanisani, akanyoosha mkono wa mtoto wenye uzi waliomfunga kwa hofu, akasema, "Kata, Shemasi, kama ulivyokata ule." Niliushika ule mkono mpaka ukapata joto la mkono wangu. Nikamwambia baba yake kisu kimepotea. Akaniazima chake. Nikaukata. Leo mtoto hajaamka vizuri. Nitaona kesho.

Kijijini sikwenda. Nimemtii huyo bikizee wako.

Jibu la Hser Nay. Sikuomba sala yoyote. Nilikuwa na hasira. Watu walikuwa wananitazama waone kama nitapendelea binti yangu, na nilikuwa naona haya kwa ajili ya jina langu, nikavuta kisu. Ndivyo ilivyokuwa, na neno hilo ubaki nalo wewe.

Lakini usimwambie hivyo mtoto. Mwambie babu yake alipiga magoti, mbele ya wote, akasema, "Bwana, mtoto ni wako." Halafu akainuka akakata. Aandike hivyo. Asisome haraka, asimame wima, na sauti aitoe tumboni, maana kanisa la kambi ni refu na watu wa nyuma huwa hawasikii.

Saw Pha Ler